Mama Kevin wa Nsambya, Mwalimu Aliyetoka Ayalandi



Sisi watu wa Bunagana twakaa mlangoni pa nchi mbili. Mtu asimamapo sokoni kwetu huiona milima ya Sabinyo na Muhabura, na hatua chache mbele yake ni Uganda. Wengi wetu tuna shangazi au binti aliyeolewa ng'ambo ya mpaka. Tena wako waliovuka wakikimbia vita, wakalala kambini, wakapokea chakula mikononi mwa watu wasiowajua hata kwa jina. Kwa hiyo twajua maana ya ugeni.

Njia hii ipitayo Kisoro na Kabale huendelea hata Kampala, na huko Kampala kiko kilima kiitwacho Nsambya. Juu ya kilima hicho mwanamke mmoja kutoka Ayalandi alianza kazi iliyodumu kupita miaka hamsini. Alifika akiwa mgeni, asiye na baba wala mama, wala mali. Alipokufa, watu wa nchi ile walidai mwili wake kama vile wana wanavyodai mwili wa mama yao. Tuyasikilize maisha yake kwa utaratibu.

1. Yatima wa Wicklow

Ayalandi ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza, nchi ya mvua nyingi na majani mabichi. Watu maskini wa kisiwa hicho walizoea kuishi kwa viazi, kama sisi wa milimani tunavyotegemea viazi na maharagwe. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba yao, viazi vikaoza ardhini. Njaa kubwa ikafuata kwa miaka kadhaa. Watu kama milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja wakaihama nchi, wakapanda meli kwenda Marekani, Uingereza na penginepo. Tangu hapo ikawa desturi katika nyumba nyingi za Ayalandi kwamba mtoto akikua, huaga na kuondoka. Mama alimsindikiza mwanawe akijua kwamba pengine hatamwona tena duniani.

Katika nchi hiyo, mahali paitwapo Knockenrahan karibu na mji wa Arklow, wilaya ya Wicklow, alizaliwa Teresa Kearney tarehe 28 Aprili 1875. Baba yake, Michael Kearney, alikuwa mkulima. Miezi mitatu kabla ya kuzaliwa mtoto huyo, Michael alipatwa na ajali akafa. Basi Teresa hakuuona uso wa baba yake hata siku moja. Mama yake aliolewa tena, akazaa watoto wengine. Lakini Teresa alipokuwa na umri wa miaka kumi, mama naye akafariki dunia.

Nyanya yake mzaa mama ndiye aliyemchukua. Bibi huyo alikuwa mwanamke mwenye imani, na nyumbani mwake Teresa alikua katika sala na kazi. Wako watoto wengi hapa kwetu waliolelewa na nyanya zao, nao wataelewa bila kuambiwa jinsi yatima anavyoshikamana na mzee wa namna hiyo.

2. Mwalimu msaidizi

Teresa alisoma shule ya masista huko Arklow. Mwaka 1889, alipokuwa na miaka kumi na minne, alipelekwa kwa Masista wa Huruma huko Rathdrum ili ajifunze kazi ya ualimu msaidizi. Baada ya hapo ilimpasa kuingia chuo cha ualimu ili apate cheti kamili, lakini karo haikupatikana. Yatima wa mkulima angeitoa wapi? Akabaki mwalimu msaidizi, daraja la chini kabisa katika shule.

Mwaka mmoja baadaye akafanya kama walivyofanya maelfu ya vijana wa nchi yake: akavuka bahari kwenda Uingereza kutafuta kazi. Alifundisha katika shule ya masista huko Essex. Hapo ndipo ulipoanza ugeni wake. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na saba nyanya yake naye akafa, na nyumba ya utoto wake ikawa kama imefungwa mlango.

Mtu mwingine katika hali ile angekata tamaa, au angetafuta ndoa tu ili apate pa kukaa. Teresa alitafakari na kusali. Akaona kwamba yeye aliyenyang'anywa wazazi angeweza kuwa mzazi wa watu wasio na mtu. Mwaka 1895 akaingia utawa kwa masista Wafransisko wa Mill Hill, mjini London. Mwaka 1898 aliweka nadhiri zake, akaitwa Sista Mary Kevin wa Mateso Matakatifu.

Angalieni jina hilo. Mtakatifu Kevin alikuwa mtawa wa kale aliyeishi Glendalough, bondeni katika wilaya ileile ya Wicklow alikozaliwa Teresa. Basi hata alipoiacha nchi yake kwa ajili ya Mungu, aliichukua katika jina lake, na watu wa Uganda waliolitamka jina hilo kila siku walitaja kitu cha kijiji chake pasipo kujua.

3. Safari ya kwenda Uganda

Sista Kevin alitamani kutumwa Marekani, akawahudumie watu weusi wa nchi ile ambao wazee wao walikuwa watumwa. Alingoja miaka mitatu. Wito ulipokuja haukuwa wa Marekani. Askofu Henry Hanlon, wa shirika la Mapadre wa Mill Hill, alikuwa akiomba masista kwa ajili ya Uganda.

Ni vema tujue kwa nini mapadre hao walikuwa Uganda. Mwaka 1892 Wakristo wa Buganda walikuwa wamepigana wao kwa wao, Wakatoliki na Waprotestanti. Kwa sababu mapadre wa kwanza walitoka Ufaransa, Wakatoliki waliitwa Wafaransa, na Waprotestanti waliitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda. Mapadre wa Mill Hill walifika mwaka 1895, na watu wakapata kuona kwamba yuko Mwingereza aliye Mkatoliki, wala imani si mali ya taifa moja. Nsambya ikawa makao yao.

Tarehe 3 Desemba 1902 masista sita waliondoka London, Sista Kevin akiwa mmojawapo. Walisafiri kwa meli mpaka Zanzibar, wakaendelea na safari ya bara. Wamisionari wa kwanza walitembea kwa miguu miezi mingi kutoka pwani, lakini reli ya Mombasa ilikuwa imefika ukingoni mwa ziwa kubwa mwaka 1901, na njia ikawa fupi. Tarehe 15 Januari 1903 waliingia Nsambya. Teresa wa Arklow alikuwa na miaka ishirini na saba.

4. Chini ya mwembe

Masista walianza na vitu vichache sana. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa chini ya mwembe. Wagonjwa waliketi kivulini, dawa ziliwekwa mezani, na watu wakaja. Siku zile ugonjwa wa malale ulikuwa ukiteketeza vijiji vya Busoga na pwani za ziwa. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu laki mbili walikufa katika miaka michache. Familia nzima zilitoweka, na watoto wakabaki bila mtu. Yatima wa Wicklow alikutana na mayatima wengi kuliko alivyoweza kuwahesabu.

Pamoja na dawa ilianzishwa shule. Hapa ndipo ualimu wake, ule wa daraja la chini, ulipopata kazi yake ya kweli. Wasichana walifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu, kushona, usafi wa nyumba na katekisimu. Si jambo lililokuwa jepesi. Wazazi wengi wa zamani, kule kama huku, walimwona msichana kuwa mikono ya shambani leo na mahari ya kesho. Kumpeleka shule waliona ni kupoteza vyote viwili. Mwalimu wa wasichana alihitaji saburi ya mkulima apandaye mti ambao matunda yake yataliwa na wajukuu.

Kazi ikaenea. Mwaka 1906 kituo cha pili kilifunguliwa Nagalama. Mwaka 1913 masista wapya walipowasili, cha tatu kikafunguliwa Kamuli, katika nchi ya Busoga. Kila kituo kilikuwa na mambo mawili yasiyotengana, shule na tiba. Sista Kevin akawa mkubwa wa masista wa Uganda, na watu wakazoea kumwita Mama Kevin.

5. Vita na wapagazi

Mwaka 1914 vita vya wazungu vilifika hata Afrika. Wazee wetu wa Kivu walivijua, maana mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji lilitoka pande hizi likaenda mpaka Tabora, na mizigo yake ilibebwa vichwani mwa watu. Wapagazi wengine walitolewa Uganda. Katika majeshi yote ya Afrika ya Mashariki, waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walikuwa wengi mno, makumi ya maelfu, kupita wale waliouawa kwa risasi.

Wapagazi wagonjwa waliletwa Nsambya kutibiwa. Mama Kevin aliwapokea, akaona jinsi walivyokonda na walivyotendewa na baadhi ya wazungu. Jambo hilo lilimkasirisha sana, naye hakuificha hasira yake. Kwake yeye mpagazi aliyelala mkekani alikuwa mtu mwenye roho ileile aliyo nayo mkubwa wa jeshi. Vita vilipokwisha, mwaka 1918, serikali ya Uingereza ilimtunukia nishani kwa kazi hiyo. Alirudi katika kazi zake.

6. Wakunga na masista wa Kiafrika

Jambo moja lilimwumiza zaidi kuliko yote: wanawake waliokufa wakati wa kujifungua, na watoto waliokufa pamoja nao. Lakini sheria ya Kanisa ya siku zile haikuwaruhusu watawa kufanya kazi ya ukunga. Mama Kevin hakuivunja sheria, wala hakukaa kimya akitazama watu wakifa. Alimpata daktari mwanamke, mlei, jina lake Evelyn Connolly, aliyekubali kuja Uganda. Wakashirikiana kufungua huko Nsambya shule ya kuwafundisha wasichana wa nchi kazi ya uuguzi na ukunga. Mwaka 1936 Roma iliwaruhusu watawa kujifunza na kufanya kazi hiyo ya kuokoa mama na mtoto.

Tena aliona kwamba mgeni hata akipenda namna gani, siku moja atakwenda zake au atakufa. Kazi isiyo na wenyeji ndani yake ni kama hema. Upepo ukivuma hung'oka. Kwa hiyo mwaka 1923 alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na wasichana wanane wa Kiafrika. Waliandaliwa wafundishe na kuuguza, waishi kwa sala na nadhiri kama watawa wengine wote. Makao yao yakawa Nkokonjeru. Kutoka kwa wale wanane shirika likakua, likavuka mipaka ya Uganda na kuingia Kenya na Tanzania.

Masista wa ng'ambo nao walihitajika. Mwaka 1928 Mama Kevin alifungua huko Holme Hall, katika Yorkshire ya Uingereza, nyumba ya kuwalea wasichana waliotaka kuja Afrika. Hivyo mikono yake miwili ilifanya kazi pande mbili za bahari: mmoja ukiita vijana wa kwao, mwingine ukiinua vijana wa huku.

7. Wagonjwa wa ukoma, na shule ya Namagunga

Katika miaka ya 1930 aliwakumbuka watu waliokimbiwa na jamaa zao wenyewe, yaani wagonjwa wa ukoma. Kwa ajili yao vilifunguliwa vituo huko Nyenga na Buluba. Mkoma wa siku zile alikuwa mgeni nyumbani kwake. Alitengwa na bakuli yake na mkeka wake. Nyenga na Buluba alipata kitanda, dawa na mtu wa kumwita kwa jina.

Mwaka 1942 ilianzishwa shule ya sekondari ya wasichana iliyojulikana baadaye kwa jina la Mount Saint Mary's, Namagunga. Wakati ule wako waliosema kwamba masomo ya msingi yamtosha msichana wa Kiafrika. Matunda yalijibu yenyewe. Kutoka katika shule hiyo walitokea walimu, waganga, watawa na viongozi. Mmojawapo, daktari Specioza Wandira Kazibwe, aliteuliwa Makamu wa Rais wa Uganda mwaka 1994. Yule mwalimu msaidizi aliyekosa karo ya chuo aliwafungulia wengine mlango ambao yeye mwenyewe alifungiwa.

8. Safari ya mwisho

Mwaka 1952 masista wa Uganda wakawa shirika lenye uongozi wake, Masista Wamisionari Wafransisko kwa ajili ya Afrika, na nyumba yao kuu ikawa Mount Oliver, karibu na Dundalk katika Ayalandi. Mama Kevin alikuwa mkuu wao wa kwanza. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka themanini, alipumzishwa katika uongozi. Je, alirudi Wicklow kuota moto? Sivyo. Alitumwa Marekani, mji wa Boston, awe mkubwa wa nyumba ndogo ya masista, akitafuta msaada kwa ajili ya kazi za Afrika. Kumbukeni kwamba Marekani ndiko alikotamani kwenda alipokuwa kijana. Mungu alimpeleka huko mwishoni, naye akafika akiwa mwombaji kwa niaba ya Waafrika.

Huko Boston alifariki tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na miaka themanini na miwili. Mwili wake ulisafirishwa kwa ndege hadi Ayalandi, ukapelekwa Mount Oliver. Kwa haki ya ukoo, hapo ndipo pangekuwa mwisho wa habari: Mwayalandi amerudi katika udongo wa Ayalandi.

Lakini habari zilipofika Uganda, Wakatoliki wa nchi ile hawakukubali. Sisi Waafrika twajua uzito wa jambo hili. Mtu huzikwa kwao, na mahali anapozikwa ndipo jamaa zake walipo. Waliposema kwamba Mama Kevin lazima azikwe Uganda, walikuwa wakisema kwamba wao ndio jamaa zake. Waliomba, wakasisitiza, na ombi lao likakubaliwa. Mwili ukavuka bahari tena. Tarehe 3 Desemba 1957 alizikwa Nkokonjeru, katika makaburi ya Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, mabinti aliowalea. Ilikuwa miaka hamsini na mitano kamili tangu siku ile alipoondoka London.

Jina lake halikuzikwa. Watu wengi wa Uganda wamezoea kuita hospitali au nyumba ya huruma kwa neno Kevina. Na tarehe 6 Novemba 2016, huko Nkokonjeru, Kanisa lilifungua rasmi kesi ya kumtangaza mtakatifu. Tangu hapo huitwa Mtumishi wa Mungu.

9. Mafundisho kwetu

Wapenzi, tusisome maisha haya kama hadithi ya kupitisha jioni. Yana mambo matatu ya kutuhoji.

La kwanza, habari ya mayatima. Mwaka hata mwaka vita na magonjwa vimetuachia watoto wasio na wazazi. Huenda yule mtoto aliye jikoni kwa nyanya yake, ambaye hatumpi hata daftari, Mungu amemwandalia kazi kubwa. Tumtendeeje?

La pili, habari ya mabinti. Baba anayemwondoa binti shuleni ili amwoze mapema, au ampeleke sokoni na mzigo mgongoni kila siku, ajiulize ni wagonjwa wangapi watakosa mkunga, na ni watoto wangapi watakosa mwalimu, kwa sababu ya uamuzi wake wa leo.

La tatu, habari ya udugu. Ninyi mnaojiandaa kwa ubatizo mtapewa jamaa mpya isiyo na mpaka wala lugha moja. Maji ya ubatizo hayatafuta ukoo wenu. Mama Kevin hakuukana ukoo wake, aliubeba katika jina lake. Lakini yatawapa ndugu wengine, hata yule mliyezoea kumwita mgeni, hata yule wa kabila mnalolishuku. Mkristo asemaye Baba Yetu asubuhi, kisha jioni amfukuze aliyekimbilia mlangoni pake, hajaielewa sala hiyo.

Maswali ya kujibu pamoja katika mafundisho

1. Teresa Kearney alizaliwa wapi, na alipoteza nani katika utoto wake?
2. Kwa nini alibaki mwalimu msaidizi, na jambo hilo lilizaa nini baadaye?
3. Kwa nini Mama Kevin aliwaandaa masista wa Kiafrika?
4. Watu wa Uganda walitaka kuonyesha nini walipodai azikwe kwao?
5. Katika kijiji chenu, ni nani aliye mgeni au yatima, nanyi mtamtendea nini juma hili?